Sindano Haionji

Jumapili, 2 Machi 2025

Mfungo umeanza. Nami nimefunga! Sikupanga.

Jana wapangaji tulikuwa uani kwa Bi Mwamini, mwenye nyumba, watu wanapangana nani atamwamsha nani daku. Ridhiwani, ninayelala naye chumba kimoja na kufanya naye kazi, akaniuliza mbele za watu, "Kondoa, na wewe unafunga, au kobe?" Kobe ni mtu anayekula mchana kwa kujificha. Wakacheka. Hapa Kibiti jina langu hawalitumii, wananiita kwa jina la mji wetu. Nikasema nafunga.

Sindano yangu ya kisukari, ile ya daku, nimechoma nusu. Hakuna daktari aliyesema nusu. Nimejikatia mwenyewe.

Kazini, kwenye maabara wanakofuga nzi wa utafiti, nimepika uji wa nzi. Unga wa mahindi, sukari, hamira. Mate yalinijaa kwa chakula cha nzi!

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mke wangu Johari kapiga simu. "Baba Hafsa, kula. Mgonjwa karuhusiwa, dini yenyewe imesema." Najua. Hata shekhe wa kwetu alishaniambia. Lakini ukisema unaumwa, watu watauliza unaumwa nini. Msimu uliopita bondeni, kwenye kuvuna mpunga, nilianguka, nikasema ukweli. Tajiri akasema anataka mtu mwenye afya. Nikafungasha. Kondoa siwezi kurudi mikono mitupu, na kazi nyepesi kama hii ya kuosha chupa sitaipata tena.

Nimemwambia Johari nakula. Uongo.

Kiu. Mkojo. Sikai sehemu moja.

Jumatano, 5 Machi 2025

Nimegundulika! Sio na Ridhiwani—na Sabra, mtafiti wetu. Kafungua friji ya kazini, kakuta kichupa changu cha akiba nyuma ya dawa zake. "Hii insulini ya nani?" Nikaendelea kuosha chupa. Akanitazama tu, akajua.

Nilidhani ndio basi. Badala yake akaniita kwenye hadubini. Wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu, ndio anaowafuga kwenye chupa. Anasema kichwani mwao zimo seli chache zinazotengeneza insulini, kama zetu sisi za tumboni. Zinaonja damu. Sukari ikija, zinaachia insulini. Hamira ikiliwa, mafuta ya tumboni mwa nzi yanapeleka habari kichwani kwamba chakula kizito kimeingia, nazo zinaachia. Njaa ikija, zinabana.

Kanionyesha. Kichwa cha nzi aliyeshinda njaa: vidoa vya kijani vinawaka, vimejaa insulini. Kichwa cha aliyekula: vimefifia, vimeshatoa. Mimi nilitarajia kinyume! Nilidhani mwenye njaa ndiye mtupu.

"Sasa wewe kaka," anasema, "zako zimekufa. Umebaki na sindano, na sindano haionji. Umekula, hujakula, yenyewe inashusha sukari tu. Usifunge. Nenda kliniki wakupangie."

Nikakasirika. Binti mdogo vile. Nikamjibu dini yangu naijua. Akasema hata yeye amefunga.

Hatamwambia mtu. Kaapa. Ila kanitaka nimwambie Ridhiwani, awepo mmoja wa kunitazama.

Alhamisi, 6 Machi 2025

Sikumwambia. Nilianza, akaleta mzaha wa kobe, nikaishia hapo. Futari mihogo ya nazi. Nilikula kama mwizi wa shamba.

Sabra kaenda Dar na vichwa vyake vya nzi.

Ijumaa, 7 Machi 2025

Naandikia sakafuni, jiko la kazini. Mwandiko mbaya. Nikiacha kuandika nasinzia, na kusinzia sitaki.

Alfajiri nilichelewa kuamka. Umeme umekatika, simu imezima. Nikaanza na sindano, chooni kwa kificho—mazoea, sindano kwanza. Nzima, maana jana nilikula sana. Nashika sahani ya wali, adhana hiyo! Nikaweka sahani chini. Ridhiwani alikuwa ananitazama.

Nikajiambia nitafika magharibi.

Saa ya swala ya Ijumaa wote wameenda msikitini. Mimi miguu imekataa. Jasho baridi. Mikono inacheza. Chupa moja imevunjika, nzi wametapakaa. Nikakumbuka—sindano haionji. Nikavuta kopo la sukari, nikalamba kidogo. Halafu Ridhiwani mlangoni! Kanitafuta msikitini kanikosa.

"Kondoa! Sukari ya nzi?"

Nilitaka kusema mengi. Ulimi mzito. Nikasema, "Naumwa kisukari."

Akakodoa macho. "Unaumwa kisukari, halafu unakula sukari? Unataka kufa, ndugu yangu?" Akanipokonya kopo! Babu yake, anasema, alikatazwa hata chai tamu. Nikanyoosha mkono, akalikumbatia kama mtoto. "Sikupi. Tulia, naita watu." Akatoka mbio, na kopo lake.

Hakunicheka. Neno kobe hakulitaja.

Laiti angalijua tangu juzi.

Siwezi kusimama. Ila trei ya uji wa nzi ipo chini, niliumimina asubuhi, umeganda. Una sukari ule. Nakwangua kwa kidole. Mtamu, una harufu ya hamira, na nzi wawili wametua pembeni wanakula pia. Wao vichwa vyao vinaonja.

Herufi zinaanza kunyooka, au nadhani.

Vishindo vya viatu nje. Watu wengi. Ridhiwani anasema, "Msimpe kitu chochote kitamu!" Bi Mwamini naye kaitwa, anauliza mgonjwa yuko wapi. Mgonjwa—Ridhiwani kashasema, wote wameshajua.

Trei ningeweza kuisukuma chini ya meza. Nimeivuta mapajani, waione. Kidole kimoja hakitoshi, nachota kwa kiganja, na mlango huo unafunguka.