Mama na Jua la Warumi

Jumapili, 1 Desemba

Majilio yameanza. Mama hakuweza kwenda kanisani, miguu imevimba tena, hata kandambili haziingii. Nilimwachia redio nikaenda peke yangu.

Kurudi nakuta pikipiki ya Anselmo uani. Nilifurahi. Mdogo wangu huyu hajapanda Newala tangu mwezi wa tisa, na Masasi si mbali hivyo. Mama alishakaa kitandani ameegemea mito, kajifunga kilemba kizuri kwa ajili yake.

Furaha haikufika jioni. Anselmo ameacha kwaya — yeye, mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akimwimbia Mama nyimbo za Krismasi kwa simu! Sasa anasali Jumamosi na watu fulani, wamepanga chumba nyuma ya stendi. Anasema tumedanganywa. Jumapili ni siku ya mungu-jua wa Warumi. Krismasi ni sikukuu ya huyo mungu. Kuelekea mashariki tukisali, ni yeye huyo huyo. Akatoa simu atuonyeshe: sanamu ya kijana, miale imemzunguka kichwa, anaendesha gari la farasi wanne. Jua Lisiloshindwa, ndivyo walivyomwita.

Nikamwambia kwa Kiswahili ni Jumapili tu, siku ya pili, jua halimo. Akacheka. Akasema nikamuulize mwalimu wa Kiingereza shuleni kwangu maana ya Sunday.

Mama aliishika ile simu muda mrefu.

Jumatatu, 2 Desemba

Anselmo kaondoka asubuhi. Kwenye chai Mama akaniuliza yule kijana wa kwenye simu ni nani hasa. Nikasema mungu wa uongo wa watu wa zamani, alishakufa na watu wake.

"Alikufa lini?"

Nikamwongezea chai.

Alhamisi, 5 Desemba

Asubuhi alinitaka nifunge pazia. Nikadhani macho yanamuuma. Baadaye akasema nigeuze kitanda, asilione dirisha kabisa. Nikamwita jirani tukakigeuza.

Mchana akanieleza. Alipokuwa msichana, shuleni Lulindi, walipofika kwenye Kanuni ya Imani wote waligeuka mashariki. Misa ya alfajiri. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la juu ya altare, linawapiga usoni. Wenzake walikuwa wanafumba macho. Yeye hakufumba.

"Nilikuwa nalipenda lile joto, Yuster. Nilikuwa nalingojea. Sasa hapo nilikuwa namwomba nani?"

Nikamwambia alikuwa anamwomba Mungu. Akaniangalia kama ninavyomwangalia mtoto darasani anayejibu bila kusoma swali.

Nimekasirika kweli. Mwanamke amesali maisha yake yote. Alibatizwa peke yake kwao, ndugu zake wakabaki Waislamu, akavumilia maneno. Leo yuko mlangoni pa kaburi, anaambiwa alikosea mlango.

Jumapili, 8 Desemba

Padri Cuthbert alikuja baada ya ibada na Ushirika Mtakatifu, kama kila mwezi. Mama akageukia ukutani. Padri akangoja. Akaniuliza kwa upole, Yuster, kuna nini? Nikamtoa nje nikamweleza yote. Akasema atarudi na kitabu.

Mama hakula mchana. Usingizi wake mbaya. Anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

Jumanne, 10 Desemba

Nimempigia Anselmo. Nikamwambia alichofanya. Nilidhani atabisha. Hakubisha. Nilisikia randa za mafundi wenzake kwenye karakana ya useremala.

Nikamwomba aje amwambie Mama kwamba alikosea, kwamba yale ya kwenye simu ni ya uongo.

"Siyo uongo, dada. Sikukuu ilikuwepo. Kasome."

Basi adanganye, nikamwambia. Kwa ajili ya Mama.

"Nimdanganye juu ya Mungu, halafu afe na uongo wangu?"

Nikakata simu. Najua anampenda. Hapo ndipo ninapokosa pa kushika. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya.

Alhamisi, 12 Desemba

Padri amekuja na kitabu chake cha chuoni, jalada limeliwa na mchwa. Nilikuwa na tumaini kubwa. Mama akakubali kusikiliza, macho kwenye dari.

Padri hakuficha. Akasema ni kweli, Warumi walikuwa na mungu-jua. Kaisari Aureliano alimjengea hekalu Roma na kumwekea makuhani. Kaisari Konstantino, kabla hajabatizwa, alitia sura ya mungu huyo kwenye sarafu zake, na ndiye aliyeamuru watu wapumzike siku ya jua. Na tarehe ishirini na tano ya Desemba ilikuwa imeandikwa kwenye kalenda yao. Lakini, akasema, Wakristo walikuwa wanakutana siku hiyo tangu zamani sana, kwa sababu ya Ufufuo. Na wataalamu wenyewe bado wanabishana nani alitangulia kuichukua ile tarehe.

Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole. Nikaona uso umelegea. Nikasema moyoni, asante.

Kisha Padri akaongeza hadithi. Roma, kwenye kanisa kubwa la Mtakatifu Petro, waumini walikuwa wakipanda ngazi, wakifika juu wanageuka kuliinamia jua linalochomoza, ndipo waingie ndani. Askofu Leo akawakemea vikali. Unaona, Padri akasema, Kanisa lilikataa kuliabudu jua tangu zamani.

Mama akageuza macho kwa Padri. "Wale kwenye ngazi. Walikuwa wamebatizwa?"

Padri akasema ndiyo.

"Na walidhani wanamwomba Mungu?"

Padri akafunga kitabu. Mtu mwema. Wema wake ungepungua kidogo tu, angesema hajui.

"Kumbe mtu anaweza asijue," Mama akasema. Basi.

Jumapili, 15 Desemba

Hajala. Uji vijiko viwili. Mimi nilikwenda kanisani, tukageuka mashariki kwa Imani, na kwa mara ya kwanza nilijisikia miguu yangu inageuka. Nikashindwa kutamka neno.

Jumanne, 17 Desemba

Mjomba Tahiri amefika kutoka Nanganga, na kuku wawili na mfuko wa mihogo. Mdogo wake Mama. Kofia yake, tasbihi yake, na sauti yake ya kuita ng'ombe. Nyumba ikachangamka.

Alishasikia habari kwa Anselmo. Akavuta kigoda akakaa karibu na kichwa cha Mama. Nilikuwa mlangoni, nimesikia.

"Dada, mimi naswali nikielekea Makka. Makka si Mungu wangu. Ukielekea mahali si kwamba unapaabudu mahali."

Nilitamani kumbusu mkono. Ni maneno niliyoyatafuta wiki mbili sikuyapata. Mama akatabasamu — tabasamu la kwanza tangu Anselmo aje. Akampapasa mjomba kichwani kama mtoto.

Akasema, "Unanionea huruma tu, mdogo wangu. Hata nilipoibiwa mbuzi ulisema atarudi."

Mjomba akacheka, nikaona machozi. Usiku Mama alilala akiwa amemshika mkono. Alilala, angalau.

Ijumaa, 20 Desemba

Tumempeleka hospitali tukarudi naye. Maji yamejaa kwenye mapafu, moyo umechoka. Daktari kabadili dawa, akanivuta kando, akasema nimkalishe kwa raha, nisimsumbue na safari nyingine. Nilielewa.

Nimesoma kile kitabu cha Padri mchana kutwa. Natafuta nini sijui. Nimesoma kwamba huko kwa Warumi Desemba ni baridi, siku zinakuwa fupi mpaka watu wanaingiwa na hofu. Ikifika ile tarehe mchana unaanza kurefuka tena. Ndipo wanasherehekea — jua limerudi, halikushindwa. Mimi huku natazama mahindi yangu. Yamejikunja kama sigara. Mvua imenyesha mara moja ikakimbia. Sisi Desemba jua tunalikimbia, tunalilaani. Ni sikukuu ya watu wa baridi.

Nikamsimulia Mama hivyo hivyo, si kwa kumfundisha. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni.

Alisikiliza yote. Akasema, "Maskini. Walikuwa wanasikia baridi."

Nikaendelea kupaka. Akafikiri.

"Mungu aliwafanya nini, wale?"

"Sijui, Mama."

Afadhali nimesema sijui. Hakugeukia ukutani.

Jumapili, 22 Desemba

Leo kasema waziwazi. Padri alikuja, akamwuliza kama Krismasi amletee Ushirika. Mama akasema anautaka. Anautamani, koo linamkauka kwa kuutamani. Lakini anaogopa kufika mbele ya Mungu na kosa jipya juu ya la zamani.

Padri akauliza nani anaweza kumtoa hofu hiyo.

"Anselmo. Yeye ndiye aliyeniambia. Yeye aniambie tena."

Si Padri, si mjomba, si mimi niliyemwosha na kumlisha miezi yote hii. Nimelia jikoni. Kidogo kwa ajili yake, kidogo kwa wivu. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimeshuka Masasi mwenyewe. Simu hapokei.

Nilimkuta karakana, anapiga randa mlango. Amekonda. Wanafunga, yeye na wenzake wa Jumamosi, mpaka hii sikukuu ipite. Shikamoo dada, akasema, bila kuinua uso. Nikasema marahaba, nikakaa juu ya mbao.

Nikamweleza daktari alichosema. Nikamweleza Mama anachokitaka. Sikupiga kelele, sikuwa na nguvu hiyo. Randa ikasimama.

Akasema alikuwa anataka kumwokoa. Alipoona zile picha alimfikiria Mama wa kwanza kabisa, kwamba afe katika kweli. Hakudhani ataogopa. Alidhani atafurahi, kama alivyofurahi yeye.

Nikamwambia wewe una miaka ya kuanza upya. Yeye ana siku.

"Nikimwambia apokee, nitakuwa nimeasi ninachoamini."

"Na usipomwambia?"

Akaokota randa, akaiweka tena. Nikamwachia chakula alichotumiwa na mjomba, najua hatakila. Nikarudi Newala na jua lile lile linanichoma upande mmoja wa uso, nikalichukia kama mtu.

Jumanne, 24 Desemba

Anselmo hajaja.

Mama anazungumza kidogo sana. Midomo ya bluu. Majirani wamekuja kwa zamu, Mama Shakila kaniletea maji ndoo tatu bila kuombwa. Mjomba hatoki chumbani ila kwa swala. Nimemtumia Anselmo ujumbe. Kausoma. Hajajibu.

Nilipiga magoti. Nimeshindwa hata kujua nielekee upande gani, nikakaa sakafuni tu katikati ya chumba kama mtu aliyepotelewa na sindano. Nikasema, kama ulikuwa unamsikia, mwambie. Mwambie mwenyewe, sisi tumeshindwa.

Jumatano, 25 Desemba

Mvua! Imeanza kabla ya kengele na haijakatika. Bati linapiga kelele, ukitaka kusikika lazima uinue sauti.

Padri Cuthbert aliahirisha kwenda kwa wagonjwa wengine akaja kwetu kwanza. Kakaa sebuleni, ameweka mkate na divai mezani, amefunika kitambaa cheupe. Mama alikuwa macho. Nilipomwuliza kama Padri aingie, alitikisa kichwa kukataa. Midomo ikasema jina la Anselmo, sauti haikutoka.

Kisha pikipiki.

Aliingia amelowa chapachapa, matope mpaka kiunoni. Alianguka mara mbili njiani, kiwiko kinatoka damu. Akamwamkia mjomba. Akamwamkia Padri pia, shikamoo, na Padri akasimama kumwitikia. Nilimpa taulo. Hakujifuta, aliishika tu.

Akanivuta huku jikoni. Ninaandika alivyosema, nisije nikasahau au nikajidanganya baadaye.

"Sijabadilika, dada. Ninaamini vile vile. Ila njia nzima nilikuwa najiuliza — nani aliniambia kwamba Mungu hakumsikia? Hakuna. Hilo nililiongeza mimi. Siku zote Mama akisali Mungu ndiye aliyekuwa anasikia au hasikii, mimi nitajuaje?"

Nikamwuliza ataweza kumwambia hivyo hivyo. Akasema ndicho alichokuja nacho, hana kingine.

"Nenda basi. Upesi."

Mjomba akatoka kuwapisha. Anselmo akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

Niko hapa kwenye meza ya jikoni kwa sababu siwezi kusimama pale mlangoni. Kwa mlango ulio wazi naiona sebule, chai ya Padri inapoa. Mjomba ameketi mkabala naye, tasbihi imetulia kwenye vidole. Tunasikiliza, na mvua haituachi tusikie.

Sauti ya Mama haifiki huku. Ya Anselmo inafika. Alianza chini, maneno siyapati, anaeleza, anaeleza. Akanyamaza. Akaanza upya, kwa nguvu zaidi kwa sababu ya bati. Padri ameondoa kitambaa, amesimama.

Sasa Anselmo anauliza. Hilo nimelisikia wazi.

"Mama, umenisikia?"

Mvua tu.

Anauliza tena. Naweka kalamu, naenda mlangoni.