Vitalu Vyenye Mapengo

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limepunguza maringo yake ya asubuhi. Mama naye kifua chake vipi? Mwambie dawa azimalize hata kama anajiona amepona. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaoumwa, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenichekesha, nami ningecheka.

Najua umeambiwa kwamba Jumamosi nilionekana shambani kwako niking'oa vigingi vya utafiti, kisha nikaondoka bila hata kubisha hodi. Ni kweli. Niwie radhi, ila soma hadi mwisho.

Shayiri yetu mpya imekataliwa. Kwenye kikao cha Jumatano mtafiti mkuu alisoma mavuno ya vitalu vyote vya shambani kwako, akasema haoni nafuu yoyote: ikipandwa punje mia nne na hamsini kwa mita ya mraba inalala chini, mia tatu inalala, na hata mia moja na hamsini inalala vilevile. Ile ya zamani imesimama wima kotekote. Akaipigia mstari mwekundu. Miaka sita ya kazi yangu, Baba, ikaisha kabla chai haijapoa.

Na wewe unajua tuliitegemea kwa nini. Nilikueleza tukiwa tumekaa ghalani, ukaitikia kila neno. Nilikwambia punje moja ya aina hii huchipua mashina mengi, kwa hiyo inataka nafasi. Ukiisonga, mashina yanakuwa membamba na upepo kidogo tu unayalaza. Ukiipanda kwa uchache, unatumia nusu ya mbegu na magunia bado yanajaa. Uliniuliza majirani watasema nini wakiona ardhi tupu kando ya barabara. Nikakujibu waache waseme. Kisha nikakukabidhi sanduku la mbegu ya akiba pamoja na ufunguo wake, kwa sababu hakuna mtu niliyemwamini kuliko wewe.

Jumamosi, baada ya vigingi, niliingia kwa kinyozi wa pale njia panda. Hakunijua. Alipomaliza upande mmoja wa kichwa alianza kunisimulia kisa cha mzee mmoja mcheshi, ambaye mwanawe msomi alipanda shamba likawa kama kinywa cha kibogoyo. Mzee akajaza mbegu mifuko ya koti, akaziba mapengo yote alfajiri moja, na kijana mpaka leo hajashtuka! Alisema mzee mwenyewe ndiye aliyewahadithia, tena kwa kuigiza. Wateja walicheka wakashika mbavu. Nami ningeinuka niende wapi na kichwa nusu?

Umenisaliti, Baba. Nimetafuta neno jepesi zaidi nimelikosa.

Sasa nikwambie usilolijua. Nilishtuka zamani. Wiki ya tatu, nilipokuja kuhesabu miche, niliikuta imeota katikati ya mistari, mahali ambapo mashine haipandi. Nilihesabu mara tatu: karibu mia tatu palipotakiwa mia moja na hamsini. Jioni nikatundika koti lako mlangoni, punje zikadondoka. Nilijua nikisema utaondolewa kwenye utafiti mbele ya majirani walewale, nikaona aibu hiyo hutaiweza. Nikaandika mia moja na hamsini. Mimi, uliyenibandika jina la Karani kwa kuwa nilihesabu hata vifungo vya mashati ya wageni, niliandika uongo kwa ajili yako, nikaubeba miezi yote hiyo nikijiona nakusitiri. Kumbe wewe unanicheka kwa kinyozi.

Leo asubuhi nimemweleza mtafiti mkuu yote mawili, kosa lako na langu. Amekubali shayiri ipandwe upya. Mimi nimeondolewa kwenye kuhesabu. Naosha vyombo vya maabara hadi waamue kama nitabaki. Shamba la utafiti litakuwa la mjomba, si lako tena.

Msalimie sana Mama, na wadogo zangu wote. Miche ya kwa mjomba ikishatoka, nenda ukaitazame. Tembea kwenye vile vitalu vyenye mapengo, pole pole, hadi mwisho. Ila kabla hujatoka nyumbani, mwombe Mama aishone mifuko ya koti lako.

Mimi mwanao, ambaye bado nakupenda,
Karani