Umri wa Kitambulisho

Jumanne

Sijui mdomo wangu ulikuwa umeenda wapi. Leo daktari ametuuliza kama tunataka viinitete vyetu, mimba zilizotungwa maabara, vipimwe jeni kabla ya kupandikizwa tumboni mwangu. "Mama angekuwa amepita arobaini, ningesisitiza," akasema, kitambulisho changu mkononi.

"Hiyo si ni ya wazee?" mume wangu Wafula akamjibu. "Bibi yangu bado ni msichana."

Nina arobaini na tatu. Baba alinipunguzia miaka mitano akiniandikisha shule, na huo umri wa kitambulisho ndio Wafula aliouoa.

Ningesema tu, "Vipime, daktari," bila kutaja miaka. Hata hilo lilinishinda. Ijumaa wanapandikiza bila kupima, na kama kuna kasoro, nitaijua ikiwa tayari tumboni.

Na mimi nilifanya nini? Niliinamisha kichwa, nikachekacheka kama msichana.