Mabati Kabla ya Mitamba

Chimala, Mbarali

Mpendwa Baba Aroni,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lindi, wewe na mifugo. Sisi hatujambo. Aroni kikohozi kimemwacha, na mdogo wake Eveline ameanza kuota meno. Barua nimempa jirani yetu Mwigulu, anayerudi huko, akuletee, maana huko uliko simu haishiki, na haya siwezi kuyasema kwa kupiga kelele.

Mpunga mwaka huu umekubali. Ulipokuwepo, tukishavuna tulinunua kwanza dawa ya kuogeshea ng'ombe na chumvi yao, halafu mitamba. Kilichobaki ndicho kilikuwa cha nyumbani. Sikuwahi kuuliza. Nilijua ng'ombe ndio heshima yako mbele ya ndugu zako.

Safari hii shemeji Zabron alikuja magunia yakiwa bado uani, akasema umemwagiza auze, anunue mitamba. Nilimweleza kwamba masika yote nimelala nimeketi, nikimkinga mtoto na turubai, kwa kuwa nyasi za paa zimeoza. Akasema nyumba haizai. Nikamjibu, "Shemeji, hata mtoto akifa hazai." Alimaliza uji wake, akaondoka.

Nikauza mwenyewe. Nimeezeka bati, nimemshonea Aroni sare, na nimenunua godoro. Dada yangu Helena, aliyekuja kutoka Mlandege kunisaidia, alicheka kwamba nimechagua godoro pana kama nina mume nyumbani. Nalala ukingoni. Upande wako nimeuacha.

Jioni bado nakosea, nasonga ugali wa kukutosha na wewe. Aroni amejifunza mluzi wako wa kuitia ng'ombe. Akiupiga nikiwa jikoni, natoka hadi mlangoni kabla sijakumbuka.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Ujumbe wako aliouleta Mwigulu, kwamba tufunge mizigo tukufuate, nimeupata. Baba Aroni, hatuji. Tangu unioe tumehama kila malisho yalipokwisha, na mtoto ndiyo kwanza ameanza shule. Sikatai kuwa mkeo. Ng'ombe wauze, wagawie ndugu zako, au waachie mchungaji, sitakuuliza. Urudi wewe. Hata ukija huna ndama mmoja, nitakupokea.

Helena anakusalimu, na watoto pia. Wasalimie wote unaochunga nao. Mungu akulinde njiani.

Mimi mkeo,
Yunisi