Kwaya ya Mama Mkwe

Kitengela, Jumamosi

Nilijua tangu asubuhi. Kituo cha TV kilipiga simu ofisini kwetu, kwenye kampuni ya dekoda, kwamba kipindi cha kwaya kimetolewa saa mbili usiku, kimewekwa saa kumi jioni, ndio mpira uingie. Nikabadilisha ratiba ya dekoda, Kenya nzima ikaona. Mama mkwe hasomi ratiba, huniuliza mimi. Sikumpigia.

Nilipofika nyumbani alikuwa amejaza sebule yangu na wanakwaya wenzake, na sare zao, wamekuja kujiona kwenye TV saa mbili. Wakaona mpira.

Si mama mkwe ndiye aliyewaambia kazi yangu ni kubonyeza-bonyeza tu?

"Msimlaumu Mama Brian," akawaambia, akininyooshea mkono. "Angejua, angeniambia."

Nikawaongeza chai.

Kuna marudio kesho, saa ile wako kanisani. Nimeyaweka kwenye ratiba vizuri kabisa.