Kosa Moja Kwenye Tangazo la Msiba

Kumasi, Jumanne

Mume wangu Mwalimu Boadu,

Huko London hujambo? Huku mvua zimeanza, na kuku wa jirani wamehamia jikoni kwetu.

Barua yangu umenirudishia kama kawaida yako, imejaa wino mwekundu. Makosa ishirini na mawili umeyaona. Kwamba mama yangu anaumwa, hilo hukuliona.

Tulimzika Jumamosi. Mjomba aliniletea tangazo la msiba nilikague kabla halijachapwa. "Kagua vizuri, Afrakoma, watu wasije wakatucheka."

Nikakagua. Kwenye orodha ya wakwe palikuwa na kosa moja. Nikachukua kalamu nyekundu, nikalikata jina lako.

Usijisumbue kulirudisha. Tangazo limeshabandikwa kila ukuta, na mji mzima umelisoma.

Afrakoma, binti wa marehemu