Wagonjwa Watatu Ndani ya Siku Nne

Rennes, 4 Februari

Kaka yangu Tangi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi Klervi, na Enora wangu. Natumaini kifua cha wifi kimepona na baridi ya huko Brest haiwasumbui sana. Mimi mwili hauna neno. Ningekupigia simu, lakini ungeniuliza hali nami ningesema nzuri, kwa hiyo nimeshika kalamu.

Kazini ndio msimu wetu, kama unavyopenda kunitania, eti mdogo wako analipwa kuhesabu makamasi ya Bretagne nzima. Ndivyo. Kila Jumanne hospitali, madaktari wa zamu na nyumba za wazee wanaleta hesabu zao: mafua makali, vichanga wanaobanwa kifua, watu wanaoharisha. Alhamisi inatoka taarifa ya mkoa. Wiki hii mafua yameanza kushuka, na bosi akatuletea keki ya siagi. Mimi nilienda chooni kulia, nikarudi nikala kipande changu.

Mama naye yumo kwenye taarifa, ile ya wiki ya tatu. Nyumba moja ya wazee, wilaya ya Finistère, wagonjwa kumi na wanne, vifo viwili. Mstari huo niliuandika mimi. Mwenzangu alinisihi nimwachie, nikamwambia najua kazi yangu. Kifo kimoja ni cha Mzee Corentin, yule aliyekuwa akimwibia Mama vipande vya sukari. Cha pili unakijua.

Juzi wifi alinipigia. Alisema Enora hataki kumbusu mtu yeyote, ananawa mikono mpaka imepasuka, na akikohoa kidogo tu anakimbilia chumbani na kufunga mlango. Alisema nawe humsemeshi kama zamani. Nilijua ilikoanzia. Siku ya mazishi, mtoto akiwa amesimama pale pale, ulisema laiti ungemwacha nyumbani na kikohozi chake, Mama angekuwepo. Nilikuwa nyuma yako nimekushikia koti. Nilinyamaza, Tangi.

Unaikumbuka ile Jumapili ya Epifania, tulipomkatia Mama keki ya Wafalme kule kule kwenye nyumba ya wazee. Enora alikuwa chini ya meza, kama ilivyo kwa aliye mdogo kuliko wote, anataja kila kipande kiende kwa nani, huku anakohoa nasi tunamcheka. Kijisanamu kilichofichwa ndani ya keki kikatokea kwenye kipande cha Mama, akawa malkia wa siku. Alivaa taji lake la karatasi, akamwambia Enora, “Njoo huku juu wewe, malkia hainami,” akambusu mashavu yote mawili. Jumatatu akaamka na homa. Siku ya tisa akatutoka.

Sasa nisikilize, kaka. Mafua yalikuwa ndani ya ile nyumba kabla hujawasha gari. Kanuni yetu ni wagonjwa watatu ndani ya siku nne: wakifika watatu, nyumba inaripoti, wazee wanakula vyumbani, dawa inagawiwa, na wageni wanazuiwa. Alhamisi kabla ya Jumapili ile, muuguzi Rozenn alinipigia kwenye simu yangu mwenyewe, kwa kuwa ananijua kama binti wa Mama. Alisema anao wawili, na yule bibi anayekaa ubavuni mwa Mama mezani ameamka na joto. Akauliza aripoti? Nikamuuliza joto kiasi gani. Thelathini na saba nukta nane, akasema. Nikamwambia kanuni ni thelathini na nane. “Subiri Jumatatu, Rozenn, usitufungie mlango bure.” Akacheka, akasema haya, wewe ndiye mtaalamu, dada.

Angekuwa muuguzi wa nyumba nyingine yoyote, ningemwambia aripoti saa ile ile. Lakini nilikuwa nimeshaagiza keki. Wewe ulikuwa umepata ruhusa kazini kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, na Mama alikuwa akiwaulizia kila siku. Nilitaka tukae meza moja. Jioni ile Rozenn alinitumia ujumbe kwamba bibi amefika thelathini na tisa. Niliusoma, sikujibu. Mama akala ubavuni mwake siku mbili zaidi. Jumapili, wakati sisi tunakata keki, walikuwa wameshaugua watano, wote wa meza ya Mama. Kwenu hakuugua mafua hayo hata mmoja.

Rozenn amepewa barua ya onyo kwa kuchelewa kuripoti. Hakunitaja. Kesho asubuhi nitamweleza bosi yote, na litakalonipata nimelitaka mwenyewe. Lakini nimeona nikuandikie wewe kwanza. Tangu mazishi nimemwachia mtoto wa miaka saba abebe kosa langu, kwa sababu nilikuogopa.

Sikuombi unisamehe. Naomba umkalishe Enora, leo hii, kabla hujanikasirikia. Mwambie si yeye. Asipoamini, mwambie ni shangazi, umtajie jina langu, umwambie shangazi alijua akanyamaza. Atalia, najua ananipenda. Mwache alie, mwache anichukie. Mimi ni mtu mzima, nitaweza.

Nisalimie wifi. Usipojibu nitaelewa.

Mdogo wako,
Soazig